Lenzi za marehemu baba kwenye kamera ya leo: jibu kwa mpiga picha wa Tanga

"Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga, natumia Sony a6400 na ile lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Baba yangu alikuwa na studio ya picha kwa miaka mingi. Alipofariki nilikuta kabatini lenzi zake tatu: Super-Takumar 50mm f/1.4 iliyogeuka njano ndani, Canon FD 50mm f/1.8 aliyokuwa akiitumia kwenye kamera yake ya filamu, AE-1, na Helios 44-2 ya kamera ya Zenit. Nikaagiza adapta mbili za bei nafuu. Kamera inagoma kufyatua. Nikizungusha namba za apacha (lile tundu la kupitishia mwanga) kwenye ile Canon, picha haibadiliki hata kidogo. Helios nayo ina utando mweupe wa nyuzinyuzi ndani. Rafiki yangu mmoja anasema adapta isiyo na lenzi ndani yake inaharibu picha, mwingine anasema lenzi za zamani zinaunguza sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, na wa tatu kaniambia ile ya njano ina mionzi, niitupe. Amejitokeza mtu anayetaka kuzichukua zote tatu. Nimuuzie nikanunue lenzi mpya, au bado zina kazi?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nitakujibu yote, ila usimuuzie mtu kitu kwa sasa. Ukiondoa utando wa Helios, mengi yanayokusumbua ni mambo ya kuweka swichi mahali pake. Na katika hao marafiki zako watatu, mmoja ana ukweli kidogo, mmoja amesikia kitu cha kweli akakiweka pasipo mahali pake, na mmoja amekosea kabisa.

Tuanze na kamera inayogoma, maana hilo ni la dakika moja. Lenzi ya kisasa huzungumza na kamera kupitia vile vijipini vya shaba mdomoni, pale lenzi inapofungwa. Lenzi ya mzee haina kijipini hata kimoja, kwa hiyo kamera yako inadhani mdomo uko wazi na inakataa kufyatua ili kujilinda. Ingia kwenye menyu, tafuta mstari ulioandikwa "Release w/o Lens", uweke kwenye "Enable". Basi. Kamera nyingi zisizo na kioo zina kipengele cha namna hiyo, na kila mtu anayeanza mchezo huu hukutana na kigingi hicho siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye adapta, kwa sababu ukielewa kinachotendeka pale, uvumi mwingi utaanguka wenyewe. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu, au siku hizi kutoka kwenye sensa. Ikikaa hapo, taswira ya vitu vya mbali inaangukia sawasawa juu ya sensa. Kamera za mzee zilikuwa na kioo ndani, kile kinachoruka juu unapofyatua, na kioo kinahitaji nafasi ya kujigeuza. Ndiyo maana lenzi zake zilikaa mbali: Takumar na Helios, ambazo zote ni za kufunga kwa kuzungusha kwenye mdomo wa M42, zinataka milimita 45.46, na Canon FD inataka milimita 42. Kamera yako haina kioo. Mdomo wake uko milimita 18 tu kutoka kwenye sensa. Pamebaki pengo, na adapta kazi yake ni kulijaza pengo hilo: kama milimita 27 na nusu kwa zile za M42, na milimita 24 kwa Canon. Hicho kipande ni bomba tupu la chuma. Hakina lenzi ndani kwa sababu hakuna cha kusahihisha. Mwanga unapita kwenye hewa, kama ulivyopita kwenye hewa ndani ya AE-1.

Rafiki yako aliyesema adapta lazima iwe na lenzi hakulitunga hilo. Mwaka 1987 Canon walileta mfumo wa EOS wenye mdomo mpya kabisa, na mdomo huo uko milimita 44 kutoka kwenye filamu. FD inataka 42. Yaani hata ungeifunga lenzi ya FD kwenye EOS bila adapta yoyote, ingekuwa imeshakaa mbali mno, na isingeweza kufokasi mbali. Njia pekee ilikuwa kuweka lenzi ndogo ndani ya adapta ili kuidanganya, na nyingi kati ya hizo zilikuwa duni, zikaharibu picha kweli. Kwa zaidi ya miaka ishirini lenzi za FD zilikaa makabatini kwa sababu ya milimita mbili. Zilipokuja kamera zisizo na kioo, za kwanza mwaka 2008 kutoka kwa Panasonic, kisha Sony na zile NEX zake mwaka 2010, mlango ukafunguka tena. Rafiki yako anakumbuka adapta za zamani.

Ipo adapta moja yenye lenzi ndani ambayo ina maana kwako, na nitaitaja nikifika kwenye suala la upana wa picha. Lakini kwa kuanzia, bomba tupu ndilo sahihi.

Cha kuangalia kwenye adapta ya bei nafuu ni vitu viwili. Cha kwanza ni urefu wake. Ikizidi kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, lenzi yako ya 50mm itakwama kufokasi kwenye kama mita 25. Zaidi ya hapo kila kitu kitakuwa na ukungu hata ukizungusha pete mpaka mwisho. Ikizidi kwa mbili ya kumi, itakwama kwenye mita 12 na nusu. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wengi huzifanya adapta fupi kidogo kwa makusudi. Matokeo yake lenzi inapita ile alama ya nane iliyolala, ya umbali usio na mwisho, kabla pete haijafika mwisho, na namba za mita zilizochorwa kwenye lenzi hazisemi kweli tena. Hilo halina madhara, mradi usizitegemee namba hizo. Nenda ufukweni, lenga meli iliyotia nanga mbali, kuza picha kwenye skrini uone kama inakata vizuri, yaani kingo zinaonekana kali bila ukungu. Ikikata, adapta yako inafaa.

Cha pili ni rangi ya ndani. Adapta nyingi rahisi zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na mwanga unaoingia kwa pembeni unadunda humo ndani ukifika kwenye sensa kama doa jeupe katikati ya picha. Watu husingizia lenzi. Chukua karatasi nyeusi yenye manyoya, ile ya kutandika masanduku ya vito, bandika ndani ya bomba, na utashangaa weusi unavyorudi kwenye picha. Kabla ya hapo ifute adapta kwa kitambaa kikavu na kuipuliza, maana nyuzi za kufungia za hizi adapta za bei chee wakati mwingine zina unga wa chuma, na hutaki uanguke kwenye sensa.

Kuunguza sensa: hapana. Jua linaweza kudhuru sensa kupitia lenzi yoyote ukilielekezea kamera kwa muda mrefu huku umefungua apacha yote, iwe lenzi ya mwaka 1970 au ya mwaka huu. Lenzi ya zamani haina ubaya wa ziada. Hatari ya kweli ni ya kugusana, na haiko kwenye lenzi zako. Zipo lenzi za kamera ambazo hazikuwa na kioo tangu zamani, mfano Jupiter-12 ya Kirusi, ambazo sehemu ya nyuma imechomoza sana kuelekea kwenye filamu. Hizo ndizo za kuuliza kabla ya kufunga. Za mzee zote tatu ziliundwa zikipishe kioo kinachoruka, kwa hiyo haziwezi kuifikia sensa yako iliyo mbali zaidi huko ndani.

Ile Canon isiyobadilika apacha nayo haijaharibika, ninavyodhani. Lenzi ya FD ikiwa nje ya kamera yake hufunga mapazia yake ya apacha yasitembee; kwenye AE-1 kulikuwa na kijiwenzo kilichoyasukuma wakati wa kufyatua. Adapta ya FD inayojua kazi ina pete yake yenyewe, imeandikwa "Open" na "Lock". Iweke kwenye "Open", funga lenzi kwa kulinganisha nukta nyekundu, hakikisha pete ya apacha ya lenzi haiko kwenye "A" bali iko kwenye namba, halafu sogeza pete ya adapta kwenda "Lock". Sasa zungusha namba huku unaangalia ndani ya lenzi: utaona mapazia yakifunga na kufungua. Yasipotembea hata baada ya hapo, ndipo tuzungumze ugonjwa.

Takumar ina swichi ndogo ubavuni yenye A na M. Iweke M, la sivyo itabaki wazi kwenye f/1.4 hata ungezungusha vipi (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Helios 44-2 ni ya namna ya kale zaidi: ina pete mbili, moja ya kuchagua namba unayotaka na nyingine ya kufunga na kufungua mpaka kwenye namba hiyo, bila kubofyabofya. Wengi huiona ni usumbufu. Ukipiga video utaipenda, kwa sababu unafunga mwanga taratibu bila mlio na bila kuruka.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wa zamani hawatakuambia, kwa kuwa kwao lilikuwa kinyume. Mapazia ya apacha yakiwa na mafuta, kwenye kamera ya filamu lenzi ilihesabika imekufa, maana mapazia yalitakiwa kufunga kwa kufumba na kufumbua kabla shata, ule mlango ulio mbele ya filamu, haijafunguka, na mafuta yaliyachelewesha. Kwenye kamera yako mapazia umeshayafunga kwa mkono wako kabla ya kupiga. Yachelewe au yasichelewe, picha ni ileile. Kwa hiyo lenzi ambazo fundi wa mwaka 1985 angezikataa, leo zinafanya kazi. Mafuta mengi sana ndiyo mabaya, kwani joto likiyapandisha hewani yanatua kwenye lenzi za ndani na kuacha ukungu.

Tuje kwenye kupiga picha. Kamera itapima mwanga yenyewe bila shida, kwa kuwa inapima kile kinachofika kwenye sensa. Weka gurudumu la kamera kwenye A, chagua apacha kwa mkono kwenye lenzi, na kamera itachagua kasi ya shata. Kwenye taarifa za picha hutaona namba ya apacha, utaona vistari vitupu; kama unataka kukumbuka, andika.

Fokasi ni yako sasa, moja kwa moja. Kamera itakusaidia kwa njia mbili. Moja ni kuchora rangi kwenye kingo za vitu vilivyokata. Washa, chagua nyekundu au njano. Nyingine ni kukuza kipande cha picha. Tumia zote mbili lakini amini ya pili. Ile rangi ni mkarimu mno: kwenye f/1.4 itakupakia kope, jicho na nyusi kwa pamoja, wakati ukweli ni kwamba kwenye umbali wa mita moja, lenzi ya 50mm kwenye sensa yako inakata kama sentimita mbili tu za kina. Mtu akipumua, ametoka. Weka kitufe kimoja cha kamera kiwe cha kukuza, kifanye kidole chako kikijue kama kinavyojua kitufe cha kufyatua. Na fokasi ukiwa kwenye apacha ileile utakayopigia, angalau kwenye namba za wazi, kwa sababu lenzi nyingine husogeza kidogo sehemu inayokata unapozifunga.

Kwenye studio yenye flashi utakutana na giza. Umefunga f/8, kamera inakuonyesha kile itakachopata bila flashi, yaani weusi mtupu. Kuna mpangilio wa skrini unaoiambia kamera ionyeshe athari ya mipangilio yako. Uuzime ule, skrini itang'aa na utaweza kufokasi. Usisahau kuurudisha ukitoka nje.

Nje, na hasa mchana wa Tanga, shida ni ya upande wa pili. Kwenye jua kali, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ikiwa 100, f/1.4 inahitaji kasi ya kama 1/12800. Kamera yako inaishia 1/4000. Utapata picha nyeupe, na utadhani lenzi ni mbovu. Funga mpaka f/2.8, ambapo kasi inashuka kwenye kama 1/3200, au nunua kichujio cheusi cha kupunguza mwanga. Bahati nzuri Takumar na Helios zako zote zina nyuzi za milimita 49 mbele, kwa hiyo kichujio kimoja kinatosha zote mbili. Na ununue kofia ya lenzi, ya mpira tu, ya bei ndogo. Lenzi hizi zina tabaka za kuzuia mng'aro zilizo dhaifu kuliko za leo. Jua la pembeni linazipausha haraka.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini litakukamata: a6400 haina kitulizaji cha mtikisiko ndani ya mwili, na lenzi ya mzee haina pia. Lenzi ya 50mm kwenye sensa yako inaona upana ambao 75mm ingeuona kwenye filamu, na mtikisiko nao unakuzwa vivyo hivyo. Usishuke chini ya 1/80. Mimi ningekaa 1/160 kwa watu wanaojitingisha. Kwa video tumia stendi ya miguu mitatu au gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera. Wenye kamera zenye kitulizaji ndani wao huiambia kamera kwa mkono kwamba lenzi ni ya milimita ngapi, na mambo yanakwisha.

Nimetaja upana, basi niondoe na dhana moja inayozunguka sana mitaani. Utasikia kwamba kwenye sensa ndogo f/1.4 inageuka f/2 na kitu. Kwa mwanga, si kweli. Apacha ni f/1.4, shata itakuwa ya f/1.4. Kinachobadilika ni kwamba sensa inakata kipande cha katikati tu cha taswira, hivyo unasogea nyuma ili mtu aenee kwenye fremu, na ukisogea nyuma mandhari ya nyuma haififii vilevile. Ile Helios ina sifa ya kuzungusha majani ya nyuma ya mtu yakawa kama duara, na watu huinunua kwa ajili hiyo. Mzunguko huo uko zaidi kwenye kingo za taswira, ambazo sensa yako inazikata. Utauona, lakini mdogo kuliko unavyouona kwenye picha za watu wenye sensa kubwa.

Hapa ndipo ile adapta yenye lenzi inapoingia. Mwaka 2013 kampuni ya Metabones ilitoa adapta inayobana taswira ya lenzi ya filamu iingie kwenye sensa ndogo. Ile ya mara 0.71 inaifanya 50mm iwe kama 35mm, na kwa kuwa mwanga uleule unakusanywa mahali padogo, f/1.4 inakuwa kama f/1.0. Upana wa zamani unarudi karibu wote, na mzunguko wa Helios nao unarudi. Ni kitu kizuri, na kuna makampuni mengine yanayotengeneza za bei ya chini. Lakini si ya kununua leo. Piga miezi kadhaa na bomba tupu kwanza, ujue kama unazipenda lenzi hizi au unapenda tu wazo la kuwa nazo.

Mionzi, sasa. Huyu rafiki wa tatu ndiye mwenye ukweli kidogo. Watengenezaji wa zamani waliongeza thori kwenye glasi ya baadhi ya lenzi kwa sababu iliwapa glasi inayopinda mwanga vizuri bila kuutawanya rangi. Thori ina mionzi, na mionzi hiyo ndiyo iliyoichafua glasi kwa miaka mingi mpaka ikawa njano. Kugeuka njano kwenyewe kunakuambia kwamba Takumar yako ni mojawapo. Lakini kitu hichohicho kilitumika kwa miongo mingi kwenye vile vijisoksi vya karabai vilivyowaka harusini na kwenye mitumbwi ya dagaa, na mzee wako huenda alivishika kwa vidole. Sehemu kubwa ya mionzi ya thori haipiti hata karatasi. Kuipigia picha na kuiweka kabatini hakuna tatizo. Usiikwangue wala kuisaga, usikae umeiweka jichoni upande wa nyuma kwa saa nzima kwa mchezo, usiwape watoto waichezee, na ikivunjika okota vipande kwa glavu na futa unga kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Kuitupa ni hasara tupu. Hiyo ndiyo lenzi bora kati ya tatu.

Na unjano unatoka. Mwanga wa jua, ile sehemu yake isiyoonekana kwa macho, unaisafisha glasi hiyo. Weka lenzi juu ya karatasi ya foili, upande wa nyuma ukitazama juu kwenye jua, maana glasi zenye thori ziko nyuma, na apacha imefunguliwa yote. Fanya hivyo asubuhi kwa saa chache, kwa siku nyingi, wiki kadhaa ikibidi. Usiiache peke yake, wala usiiweke karibu na pazia au godoro. Lenzi ya f/1.4 ikikusanya jua juu ya kitambaa inawasha moto wa kweli. Jua la saa saba mchana nalo liogope, kwa sababu joto linayeyusha girisi ya ndani. Kuna wanaotumia taa za saluni za kukaushia kucha za jeli, kwa kuwa nazo zina mwanga huohuo bila joto la jua. Ukiwa na dada mwenye saluni, muombe. Ukikosa subira, piga tu hivyohivyo: kamera itarekebisha unjano yenyewe kwa urahisi, utapoteza mwanga kidogo tu.

Tumefika kwenye Helios, na hapa nabadilisha sauti kidogo. Utando huo ni fangasi. Pwani yetu ni nyumba yake: hewa yenye unyevu, kabati lisilofunguliwa, na yale mafuko ya ngozi ambayo wazee wetu waliyaamini mno na ambayo hunywa unyevu na kuutunza. Fangasi hula uchafu mdogomdogo juu ya glasi na kutoa asidi, na asidi hiyo ikikaa miaka inachimba lile tabaka la kuzuia mng'aro. Ukiwahi, inafutika yote. Ukichelewa, inafutika lakini alama zake zinabaki milele.

Ichunguze kwa tochi. Fungua apacha yote, washa tochi nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele huku ukiigeuzageuza. Nyuzi chache pembeni hazitaonekana kwenye picha. Mzee angezipuuza nami ningezipuuza kwa picha za leo, ila si kwa hali ya kesho. Kama katikati pana wingu zima, picha zitapauka, hasa ukipiga mahali penye taa mbele yako. Fanya uchunguzi huo kwa lenzi zote tatu, kwa kuwa zimekaa kabati moja. Watu hutenga lenzi yenye fangasi mbali na nyingine kama mgonjwa, nami sikukatazi, lakini mbegu za fangasi ziko kila mahali hewani. Kinachoziotesha ni unyevu, na hapo ndipo pa kupigana nao. Tafuta chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko unaobana, weka pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo, hakikisha hewa ya ndani iko kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikilowa ikaushe kwenye moto mdogo uirudishe. Usitumie mchele, unaacha unga, na unga ni chakula cha fangasi.

Usiifungue mwenyewe. Najua kuna video zinazoonyesha Helios ikifunguliwa mezani kwa dakika kumi, na ni kweli ni lenzi rahisi kuliko nyingi. Lakini ile pete ya fokasi inakwenda kwenye nyuzi zenye mianzo mingi. Ukiitoa bila kuweka alama mahali ilipoachia, utairudisha kwenye mwanzo usio wake na lenzi haitafokasi mbali tena. Nje unaweza kusafisha: puliza kwanza, kisha brashi laini, kisha karatasi ya lenzi yenye tone la spiriti safi, kuanzia katikati kwenda nje. Pindo la kanga na pumzi ya mdomo, ambavyo kila mpiga picha amewahi kuvitumia, vinaacha mikwaruzo na unyevu.

Kuhusu mnunuzi. Kama swali lako ni "lenzi hizi zitanifanyia harusi?", jibu la haki ni hapana, si peke yake. Bibi harusi akiingia ukumbini akicheza na wapambe wake, kwenye taa za rangi, hakuna mkono utakaomfuata kwa f/1.4. Hapo unahitaji lenzi inayofokasi yenyewe. Sony wana 50mm f/1.8 iliyotengenezwa kwa sensa kama yako, yenye kitulizaji ndani. Lenzi ya namna hiyo, mpya au iliyotumika, inunue kwa pesa za kazi, mapema. Lenzi za mzee zitumie pale mtu anapotulia: mikono yenye hina, pete kwenye kisahani, bibi harusi dirishani kabla hawajaja kumchukua, bibi yake amekaa kwenye mkeka. Kwenye f/1.4 Takumar itampa ngozi ulaini ambao wateja huuita "picha za zamani" na kuulipia. Kwenye f/4 itakata vizuri kabisa hata kwa megapikseli 24 zako. Canon ni ya kazi tu, haina maringo, wala haina doa. Helios kwa hali iliyonayo sasa itakuletea pesa kidogo mno, na zilitengenezwa kwa wingi kiasi kwamba iliyo safi si ghali. Kama lazima uuze moja, uza Canon. Anayetaka zote tatu kwa mpigo huenda anaitaka Takumar, na mbili anazibeba ili usiigundue bei yake.

Kwa fundi nenda kwa sababu hizi: fangasi ya Helios, na usingoje masika mengine yapite, pete yoyote ya fokasi inayokwama au inayokwaruza, kitu kinachogonga ndani ukiitikisa lenzi, au ile Canon, kama mapazia yatakataa kutembea hata baada ya kufuata hatua za adapta. Tafuta aliyewahi kufungua lenzi za zamani, si anayetengeneza simu. Muulize kabla: una zana ya kufungulia pete zenye matundu mawili, au unatumia koleo? Unaweka alama wapi kabla ya kutoa nyuzi za fokasi? Gharama ni kiasi gani, na ikizidi bei ya lenzi nyingine iliyo safi utaniambia mapema? Mwombe akuonyeshe kwa tochi lenzi aliyoisafisha karibuni. Akikataa kukuonyesha, chukua Helios yako urudi nayo nyumbani, uiweke kwenye chombo chenye silika, na uendelee kutafuta.